Bi Time alisema Alhamdulillah, mimi nikaandika "nzuri"

Wakuu, asalaam aleikum, na habari za mchana kwa wengine wote. Haya yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa, na sehemu kubwa ni aibu yangu.

Mimi ni Mpemba wa Madungu, nasoma degree ya pili bara. Utafiti wangu ulihusu chakula katika nyumba za wakulima. Nikachagua kijiji kimoja cha Wingwi, huku huku kwetu Pemba.

Dodoso niliandika kwa Kiingereza, nikalitafsiri mwenyewe. Swali la nne: "Hali ya chakula katika kaya yako ikoje?" Majibu matatu: nzuri, wastani, mbaya.

Karibu kila mtu alinijibu, "Alhamdulillah."

Nikatia tiki kwenye nzuri. Nyumba hadi nyumba.

Kuna shirika lilikuwa linagawa mbegu kwa vijiji vyenye njaa, likaniomba muhtasari. Nikatuma. Nilijiona msomi kweli.

Wiki mbili baadaye, nikiwa bado nyumbani naandika, supervisor wangu, mama mmoja wa bara, akanipigia.

"Mbona wote nzuri? Walisema neno gani hasa?"

"Walisema Alhamdulillah, Dokta."

"Na hiyo maana yake ni nzuri?"

Nikasema ndiyo.

Simu ilipokatika sikuweza kukaa. Nikatoka nje, nikarudi, nikafungua laptop, nikaifunga.

Maana marehemu baba yangu, siku alizokuwa hawezi hata kujigeuza kitandani, kila aliyemuuliza hali alimjibu Alhamdulillah. Na hakuna jirani aliyetoka pale akisema mzee kapona.

Mtaniuliza, Mpemba mzima hukulijua hilo? Nililijua. Ila nikishika dodoso nilikuwa nasikia kwa sikio la chuo.

Kesho yake asubuhi nikaenda Wingwi kwa Bi Time, mjane anayelima muhogo na kulea wajukuu. Nilimkuta shambani anapalilia.

"Bi Time, jana mlipika nini?"

"Watoto walikunywa uji."

"Na wewe?"

"Mie nilifunga."

Jana yake ilikuwa Jumanne. Sunna tunafunga Jumatatu na Alhamisi. Aliniona usoni kwamba nimeelewa, nikamuuliza:

"Mbona siku ile hukuniambia?"

Akaweka jembe chini. "Hukuniuliza nakula nini. Uliniuliza hali. Ulitaka nikufuru mbele ya karatasi yako, mwanangu?"

Nilirudia nyumba zote. Safari hii niliuliza tu: jana mmepika nini, na nani kala. Majibu yakawa mengine kabisa.

Nikaliandikia shirika. Wakanijibu kwa adabu kwamba orodha imeshapita, kijiji kile hakimo, wasubiri msimu ujao.

Supervisor aliniongezea muda, graduation nikaikosa. Hilo nimelimeza. La mbegu halijashuka mpaka leo, na kila nikipita njia ya Wingwi natazama upande mwingine.

Nilichojifunza ni kwamba kujua lugha hakutoshi. Lazima ujue mtu anajibu nini anapokujibu, na kwa nini hawezi kukujibu vingine. Kwenye thesis nimelikiri kosa langu, likachukua mistari mitatu tu.

Wenzangu mliofanya utafiti kwenu, kwa lugha mliyonyonya: mmewahi kusikia jibu moja mkaandika jingine? Semeni, msiniache peke yangu.