Nyoka Waliobaki Kandokando ya Njia

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa kupekupe, lile panga refu la kufyekea, na onyo moja. Darasa nililoishia ni la tatu, lakini kwa kufyeka njia ya Kasongo hadi Kabambare hakuna aliyenishinda. Tuliitwa makantonye, watunza barabara, kila mtu na kipande chake. Shefu wa ekipe, mkubwa wa kundi letu, aliniambia: "Chunga kifutu. Ni nyoka munene sawa mukono wa mutu, rangi ya majani makavu. Hakimbie. Ukimukanyaga, umekufa."

Shefu huyo alikuwa na desturi yake: ukileta kichwa cha kifutu, saa sita unarudi nyumbani. Basi tuliwawinda kweli. Waliokuwa weupe-weupe tuliwaona toka mbali. Wenye hasira walipuliza kabla hatujafika. Hao wote tuliwakata. Miaka ikapita, vichwa vikapungua. Shefu aliyefuata akatusifu kwamba njia imekuwa safi, nami nikaamini.

Asubuhi moja, karibu na Kabambare, Amisi wa kipande cha jirani alisimama kwenye majani akinitania kwamba ninafyeka kama bibi harusi. Nikaona majani yanapumua nyuma ya kisigino chake.

"Ndugu yangu, usiondoe muguu."

"Unataka kunitisha tu."

"Usiondoe, nimesema."

Akaona uso wangu, akaacha mguu palepale. Nilipopepesa macho nyoka alinipotea; nikangoja apumue tena ndipo nikapiga. Kichwa kikaruka. Amisi akacheka, akarudi hatua moja, na kifutu wa pili, ambaye sikumwona kabisa, akamuuma. Tulimpakia kwenye pikipiki kumpeleka Kasongo, ndiko kwenye dawa ya sumu. Alifia njiani.

Sikuhitaji mwalimu kunieleza. Hakuna kifutu aliyejifunza kujificha. Anayeonekana tulimuua kabla ya kuzaa. Asiyeonekana alizaa, na watoto wakafanana naye. Miaka yote ile tulikuwa tunawachagulia wazazi, kama mkulima anavyochagua mbegu.

Sasa nimestaafu. Kazi yangu niliifanya vizuri, sioni aibu kusema. Lakini juzi vijana wanaofyeka kipande changu walipita kunisalimia. "Muzee, mulifanya kazi," wakasema. "Nyoka zimekwisha. Hatuone hata moja."

Niliwaambia wasirudie maneno hayo mbele yangu. Kisha nikawafundisha kungoja majani yapumue kabla ya kuweka mguu.