Filimbi ya Mama Martina

Mbuke, ambaye kiwandani wote walimwita Mama Martina, alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye pamba, na katika miaka hiyo yote hakuna bosi aliyewahi kumuuliza anaonaje. Kazi yake ilikuwa kupokea mzigo katika kiwanda cha kuchambua pamba kilicho kando ya reli pale Isaka. Alichota pamba katikati ya gunia, akatoa mbegu, akaing'ata. Ikipasuka kwa mlio, ni kavu, ipite. Ikibonyea kama kunde zilizochemshwa, mtu kaimwagia maji iongezeke uzito, irudi ilikotoka.

Ndipo akaja Edson, meneja mpya, shati jeupe na viatu vya ncha kali, ametoka semina Mwanza kichwa kimejaa maneno. Akabandika bango ukutani: MFANYAKAZI NI MWAMUZI. Akamvisha Mbuke filimbi shingoni, wakapigwa picha.

"Mama Martina, kuanzia leo ukiona kasoro piga filimbi, mashine izimwe. Usiniulize."

Mbuke akashukuru. Hakumwambia kwamba ndani ya ule mngurumo filimbi haisikiki hata kwa anayeipuliza, na kwamba fundi Luka huzima mashine anapoona mkono wa Mbuke umeinuka. Meneja angeingia ndani hata mara moja angejua. Lakini vumbi la pamba na shati jeupe haviivi chungu kimoja.

Mwezi mzima mamlaka yalikuwa matamu. Mbuke alirudisha malori matatu, Edson akamsifu vikaoni. Kisha likaja la nne, kutoka Masumbwe. Mbuke akang'ata mbegu: laini. Gunia la pili, la tatu, yale yale.

"Mzigo huu haushuki," akamwambia dereva. Dereva akacheka. Mzigo ulikuwa wa baba mkwe wa meneja.

Edson alitoka ofisini anahema. "Mama Martina, huu ushushwe."

"Yaya, meneja, hapana. Umelowa. Utakwama kwenye misumeno ya mashine, uwake moto. Wewe mwenyewe ulisema nisikuulize."

"Nilikuwezesha, sikukwambia uote pembe!"

Akaivuta ile filimbi mpaka kamba ikamkwaruza shingo mama mtu mzima, mbele ya vibarua aliowafundisha kazi. Akaivaa yeye. "Hapa anaamua mmoja."

Mbuke alimchukia, na wala si kwa sababu ya kile kifilimbi cha plastiki. Kilichomchoma ni kwamba aliamini. Mwezi mzima alirudi nyumbani akimsimulia binti yake kuwa kazini sasa neno lake ni neno, na leo neno hilo limetupwa chini apate kufurahi mkwe wa mtu.

Pamba ikaingizwa. Kabla ya saa sita mchana, harufu ya kuungua ikatoka kwenye misumeno. Edson akaja mbio, kwa mara ya kwanza akakanyaga ndani, akaanza kupuliza. Akapuliza mashavu yakavimba, macho yakamtoka pima. Kule mwisho kwenye swichi, Luka hakusikia kitu. Alikuwa anamtazama Mbuke pale kwenye mlango wa kupokelea mzigo, kama siku zote. Moshi ukaanza kufuka.

Mbuke aliuacha mkono chini. Acha kiwanda kiungue, si kuna mwamuzi? Kisha akamwona Juliana, kibarua anayelisha mashine, ameziba mdomo kwa kanga, anakohoa, naye hajaondoka kwa sababu hajaambiwa. Juliana hakuwa amemkosea mtu.

Akainua mkono. Luka akazima.

Katika ukimya ule ndipo filimbi iliposikika, nyembamba, meneja bado anapuliza. Vibarua wote wakageuka kumtazama. Akaitoa mdomoni taratibu.

Mbuke akajipangusa vumbi usoni. "Mpigie baba mkwe wako, meneja," akasema. "Mwambie alete lori lichukue uchafu wake. Hapa si anaamua mmoja?"