Baba alibakiza mtu mmoja wa kumuomba radhi kabla ya safari ya Makka

Wakuu, salaam. Hii sijaitunga wala sijasimuliwa, ilitokea nyumbani kwetu Buyenzi, Bujumbura. Atakayebisha abishe, mimi nilikuwepo.

Nimesoma uzi wa jana mnapanga safari za ndoto, huyu Brazil, yule Uturuki. Nikamkumbuka baba yangu. Nitawaharibia mudi, samahanini.

Baba alikuwa fundi magari. Nchi aliyoitamani ni moja tu, Saudia, akaione Makka. Ukimletea gari, kabla hujasema tatizo ni nini, keshakuhadithia Zamzam utadhani alizaliwa pale.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Mitaa ikagawanyika, watu wa hapa wakakimbilia kule. Yeye akaendelea kupanga tu. Pasipoti ikatoka, viza ikatoka, Mama akawa anapiga pasi ihramu, zile shuka nyeupe za Hija, iliyokwisha kunyooka.

Kwa wasiojua: kwetu mtu akienda Hija anapita kwanza nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Majirani, wateja, hata yule mliyegombana zamani. Bila hivyo moyo hautulii.

Baba akawamaliza wote, akabaki mmoja. Deo.

Huyu Deo alikuwa fundi mwenzake, Mkristo, rafiki wa kufa na kuzikana. Siku moja injini ya teksi ya mteja ikafa. Baba akasema Deo hakukaza bolti, Deo akakataa katakata, Baba akamzaba kibao mbele za watu. Deo akaondoka, hakurudi gareji. Vita vilipokuja tukasikia yuko Kinama, mtaa wa kaskazini mwa mji.

Na Kinama siku hizo, wakuu, hapaendeki. Risasi, wanajeshi, vijana na mapanga yao barabarani. Si mbali na kwetu, lakini nani aende?

Mama alimsihi. "Baba Asha, Mungu anaona hali. We enda tu Makka yako."

"Apana," Baba akasema. "Kofi nimepiga mi, mi ndo nitaenda kwake."

Ndege ilikuwa keshokutwa. Asubuhi akavaa kanzu safi, akapanda baiskeli. Akaniambia, "Asha, niwekee ndizi, narudi adhuhuri."

Adhuhuri mlango ukabishwa. Nikakimbilia kufungua.

Alikuwa Deo. Amekonda, viatu matope matupu. Alikuwa amepita kwenye mashamba ya mpunga kukwepa wanajeshi.

"Nimesikia muzee anaenda Hija, nikasema nimuwahi. Iko wapi?"

Mama akakaa palepale sakafuni. Walikuwa wamepishana.

Tukamsubiri sote watatu. Risasi zikasikika upande wa kaskazini, zikanyamaza, zikaanza tena. Jioni Mama akamwambia Deo, "Kama harudi, mi naomba kwa niaba yake. Umusamehe ile kofi."

Deo akalia, mwanaume mzima. "Mama Asha, nimusamehe nini? Ile bolti kweli sikukaza. Niliogopa kusema. Mi ndo nilikuja kuomba radhi."

Baba hakurudi siku ile, wala siku ya ndege, wala mpaka leo. Baiskeli hatukuiona, mwili hatukuuona. Kaburi la kumsomea Yasini hatuna. Inauma, jamani, inauma mpaka leo.

Nilichojifunza? Pangeni safari zenu, lakini kama kuna mtu unataka kumwambia nisamehe, mfuate wakati barabara bado inapitika. Na kama kosa ni lako, usimwache mwenzako alibebe miaka yote.

Deo yupo hai. Kila Idi anakuja kutusalimia, Mama anamkaribisha vizuri kabisa. Mimi namwekea chai, naondoka sebuleni. Najua hakumuua yeye. Najua alihatarisha roho yake siku ile. Lakini angesema neno moja tu pale gareji, Baba angekwenda Kinama kutafuta nini?

Wakuu, semeni kweli. Ingekuwa nyie, mngemsamehe?