Vikapu Vilivyorudi kutoka Angani

Jirani yangu hapa Mlandege husuka vikapu vidogo vya milulu, yale majani membamba ya bondeni. Shirika moja la ndege huvinunua ili abiria wapewe korosho ndani yake badala ya vifuko vya plastiki. Jirani huyalowanisha majani kwa vidole na kuyakaza kwa meno, na mdomo ukipata nafasi huimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya. Ya kwanza anaisikia yeye tu. Ndege ikipita kuelekea Mbeya, yeye hainui kichwa upesi. Kwanza anamaliza mzunguko, ndipo anatazama juu: "Haya wanangu, salama." Ukimuuliza anaongea na nani, anakucheka.

Juzi Clement, kijana wa shirika hilo, alishusha uani gunia la vikapu vilivyochakaa. Nilishtuka, nikajua kazi ya jirani yangu imekufa. Yeye alichukua kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo uliolegea, akakinusa.

"Mama, utusukie vingine," alisema Clement. "Hivi tutavichoma."

"Uchome nini? Kimeshikwa na watu mpaka kimelainika namna hii! Ile plastiki yenu nani aliishika mara mbili?"

Akavuta jani bichi, akalipenyeza ukingoni, akakaza kwa meno. Kikapu cha kahawia kikapata mshipi wa kijani. Alikitazama kama anayemkagua mtoto kabla ya ibada, kisha akamkabidhi Clement.

"Mrudishe juu. Huyu bado mzima."