Nilinunua Koti la Marehemu, Sasa Mjane Wake Ananiungamia Mimi

Admin, nakuomba unifichie jina. Majina yote humu nimeyabadilisha. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu, naishi Musoma na mke wangu. Huwa nausoma ukurasa huu na kuwahurumia wengine, sikujua kwamba zamu yangu itafika.

Wastaafu tuna siku ndefu. Mimi na wenzangu wawili, Magesa aliyekuwa nesi na Masatu mwenye pikapu, kila Jumamosi tulikuwa tunazunguka Musoma, Bunda na Butiama kutafuta vitu vya ndani vilivyotumika. Vijana niwaeleze: mtumishi akihamishiwa mbali hasafiri na makabati, anauza. Mzee akifariki, watoto wa mjini wanauza. Tangazo likipita WhatsApp, sisi asubuhi tumeshafika, tunapatana bei na kutaniana. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yetu.

Mwezi wa sita tulikwenda Butiama nyumbani kwa mzee mmoja aliyefariki mwaka jana. Binti yake mkubwa, nitamwita Nyangeta, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, alikuwa anauza vitu ili amhamishie mama yake Bunda, anakoishi yeye. Mama kumbukumbu zimemtoka. Nilinunua kabati, na koti zito la kahawia la marehemu.

Masatu akaangua kicheko. "Mwalimu, ukivaa hilo umerithi na mjane! Lini tunakuja kula ng'ombe?"

"Wewe Mjita ng'ombe unamjulia wapi? Rudi kwa dagaa wako," nikamjibu.

Tulicheka wote, hata Nyangeta. Lakini utani wa Masatu ulikuwa na mzizi. Kwa wazee wetu nguo ya marehemu haikuvaliwa ovyo. Aliyevishwa ndiye aliyekaa mahali pake. Nililijua hilo. Nikajiambia mimi ni msomi, nikalivaa.

Kabati halikuenea kwenye pikapu, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata tukalifuata. Ilikuwa asubuhi ya baridi, nami nimevaa koti. Mama alikuwa amekaa barazani. Aliponiona akasimama bila fimbo.

"Baba Nyangeta, umekawia. Ng'ombe wamekunywa?"

Magesa akanibana mkono. Nikasema, "Wamekunywa."

Mama akakaa, akaomba uji, akaumaliza. Nyangeta alikuwa analia mlangoni. Akaniambia, "Mwalimu, siku nne hajaweka kitu mdomoni. Nakuomba uwe unakuja."

Basi wenzangu wakaendelea na mizunguko yao, mama akahamishiwa Bunda, nami nikawa nakwenda huko kila Jumamosi na koti langu. Nilizungumzia ng'ombe nisiowahi kuwaona, na mama alikula. Mke wangu alijua, alisema ni sadaka. Kisha siku moja sokoni Mwigobero mtu nyuma yangu aliita, "Baba Nyangeta!" Alikuwa anamwita mwingine kabisa. Mimi niligeuka na kuitika. Nilisimama pale na samaki mkononi.

Jumamosi ya tisa Nyangeta alikuwa jikoni, nje. Mama akashika mkono wa koti, akaniambia kwa Kizanaki, lugha yetu wote wawili, "Nyangeta hakuachiwa mtoto. Mimi ndiye niliyemtuma lamboni."

Akaendelea. Zamani binti yao mdogo alizama kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe wakati wa masika. Baba alikuwa amekataza mtoto yeyote asichote maji kule. Mama alikuwa na haraka ya kupika, akamtuma. Maiti ilipotolewa, kwa kumwogopa mumewe, akasema alikuwa shamba na mtoto alimwachia Nyangeta. Nyangeta alikuwa na miaka kumi na mmoja, mchana ule alikuwa amelala.

"Ulimpiga mpaka fimbo ikakatika, mimi nikatazama tu. Nisamehe, nife."

Nilipaswa kusema mimi siye. Nikasema, "Nimekusamehe." Akashusha pumzi, akalala palepale kwenye kiti.

Mtasema akili yake imechoka, asiaminiwe. Nami nilijaribu kuamini hivyo. Jumamosi iliyofuata alikuwa amesahau kwamba amesamehewa. Akaniungamia upya, neno kwa neno, na machozi yaleyale. Nikamsamehe tena. Na iliyofuata, tena.

Mara ya mwisho Nyangeta alinisindikiza stendi. Nilimshauri atafute mtu wa kumsaidia, maana amekonda.

"Hapana Mwalimu, mimi huwaga sichoki," akasema. "Niliachiwa mdogo wangu nikapitiwa na usingizi, akafa maji. Baba alikufa hajanisemesha vizuri. Mama peke yake ndiye hajawahi kunilaumu, hata siku moja. Nitamlipa na nini?"

Sikuweza kumtazama. Wiki tatu sasa sijaenda. Jana amenipigia, mama amekataa uji, anamuulizia mumewe.

Magesa anasema nimwambie binti, ameteseka vya kutosha. Mke wangu anasema nikimwambia nitamnyang'anya mama yake angali hai, na nani atamuuguza? Lakini kuna njia ya tatu, na hiyo ndiyo inayoninyima raha. Naweza kwenda keshokutwa, nikamwita Nyangeta akae karibu, nikamwambia mama, "Mwambie mtoto ulichoniambia." Atasema. Kwa miaka yote hakuweza kumkatalia mumewe neno, na yeye anajua mumewe ni mimi.

Ninyi mnaonisoma, wazazi na vijana, nielekezeni kabla ya Jumamosi. Nina haki ya kumwamrisha?