Bega Lisiloguswa na Kisu

Kazi ya Protais ni kuua, na mwili wake unasema hivyo kabla yeye mwenyewe hajafungua mdomo. Kidole chake kimoja hakina ncha. Shavuni ana kovu la pembe ya beberu, na mguu mmoja anauburuta kidogo tangu fahali alipombana kwenye lango la chuma, kule shambani nje ya mji anakochinjia. Ni Mrundi wa makamo, mfupi, mwenye shingo nene, Mkatoliki asiyekosa misa. Sisi Wakenya wa upande huu wa Houston tumekula mbuzi wake kwa miaka. Mimi ni Jerioth, nesi, na nimemfunga huyu mtu vidonda vingi kuliko nilivyomfunga mume wangu, ambaye naye si mtulivu.

Uchinjaji alijifunza akiwa mkimbizi Tanzania, kambini Kasulu. Huko huko ndiko alikojifunza Kiswahili na ngumi, kwa kuwa asiyekuwa na ngumi hakufika mbele ya foleni. Alipoletwa Marekani akapata nyumba Sharpstown na kazi ya kupanga mizigo ghalani. Siku moja msimamizi akawa anamsukuma kifuani kwa kidole huku akimfokea. Protais alimpiga ngumi moja ya taya, yule bwana akalala juu ya maboksi, na kazi ikaishia hapo. Akaapa hatakuwa na bosi tena maisha yake yote. Akanunua visu na pikapu, akaanza kuchinja na kuchoma nyama za sherehe peke yake, bila hata msaidizi. Hapo ndipo alipogundua kwamba kila mteja ni bosi, tena bosi mwenye namba yako ya simu.

Aliyemweka mjini ni kaka yangu Kariuki. Yeye ndiye mteja wake wa kwanza, na ndiye aliyemtembeza kanisa hadi kanisa akiwaambia watu kwamba huyu Mrundi ana mkono. Tena alimfundisha mila zetu. Alimfundisha hasa habari ya kiande, yaani bega la mbuzi pamoja na mguu wa mbele. Kwetu Wakikuyu, siku ya ngurario, yaani ndoa ya kimila, bwana harusi hukata kiungo cha bega hilo mbele ya wazee wa pande zote mbili, na akishakata, huyo binti ni mkewe. Kiungo hicho lazima kiwe kizima. Kisu cha kwanza kukigusa kiwe cha bwana harusi. Protais alilielewa jambo hilo na hakuwahi kukosea, ingawa kwa Warundi wenzake bega huvunjwa kiungo kabla ya kuwekwa motoni, ili liive haraka.

Sasa, biashara ya mtu mmoja ina ugonjwa wake: ukichinja hutafuti wateja, na ukitafuta huchinji. Protais aliamini amepata dawa. Alikuwa akibana simu kati ya sikio na bega, anamchuna mbuzi huku anajinadi kwa watu wapya, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko. Kariuki alimwonya asiache mbachao kwa msala upitao. Protais alicheka, akamjibu kwamba mbachao nao huchakaa, wateja wake wa zamani wanazeeka na meno yanawatoka, na watoto wao wanakula piza. Mimi niliudhika, lakini ukweli ni kwamba hakuwa anasema uongo.

Basi ikaja ngurario ya Brandon, mtoto wa Kariuki. Bibi harusi alikuwa Whitney, wa ukoo mmoja wenye kiburi pale Sugar Land, watu ambao tangu mwanzo walituona sisi ni wa kuokota. Ngurario ilipangwa Jumamosi nyumbani kwao, na Protais akakubali kuleta nyama. Kisha mwanamke mmoja wa DeSoto, kule Dallas, aitwaye Jackie, akampigia simu akitaka mbuzi wa sherehe kubwa, Jumamosi hiyo hiyo. Nyuma ya Jackie kulikuwa na Dallas nzima, mji ambao Protais alikuwa akiuota. Akakubali na hiyo.

Mabega yote aliyachoma siku moja, kila moja limefungwa kwa karatasi ya foili. Ya DeSoto yalikuwa yamevunjwa viungo. La Brandon lilikuwa zima. Siku zote bega la ngurario hulifunga waya kwa koleo ili asilichanganye na mengine. Siku ile koleo lilikuwa kwenye gari, Jackie alikuwa kwenye simu anaongeza mbuzi, na Protais hakutaka kumwambia mteja mpya asubiri. Akalifunga kwa uzi mwekundu, akaliweka motoni pamoja na yale mengine.

Uzi ukaungua. Nani asiyejua kwamba uzi huungua?

Asubuhi ya Jumamosi akaliokota lililofanana nalo, akalileta Sugar Land pamoja na nyama nyingine, akageuza gari kwenda DeSoto. Yaliyotokea huko aliniambia yeye mwenyewe baadaye, nikiwa namtoa kioo kichwani. Alikuwa kwenye gogo mbele ya wageni, anakatakata mabega kwa haraka, panga likipita kwenye viungo bila shida. Likafika kwenye kiungo kimoja likagoma. Protais akasimama panga liko hewani. Alijua mara moja ni bega la nani.

Akampigia Kariuki. Simu imezimwa. Akanipigia mimi, na simu yangu iko kwenye mkoba chini ya kiti. Akalifunga bega akaelekea kwenye pikapu. Jackie akamfuata akilia kwamba watu hawajala, na kaka yake Sheldon, jitu la miraba minne, akamshika ukosi. Protais alijaribu kueleza. Sheldon akampiga kwa koleo la jiko juu ya nyusi, nyama ikafunguka. Protais akamrudishia ngumi ya mdomo na jino likaanguka kwenye nyasi. Akiwa anaondoa gari, mtu akarusha chupa ikapasua dirisha la upande wake. Akaendesha mpaka Houston anaona kwa jicho moja, bega liko mapajani.

Sisi huku tulikuwa tumechelewa, kama kawaida yetu, na tungekuwa watu wa saa asingetukuta. Brandon akaitwa, akapewa kisu. Mimi nilikuwa mstari wa mbele nimeshajiandaa kupiga vigelegele. Akafungua foili, akaweka kisu kwenye kiungo, na kabla hajakandamiza bega likaachana vipande viwili.

Chini ya hema watu wakanyoosha shingo. Kaka yake Whitney, Jordan, akainuka akaja kuangalia mfupa.

"Hii ime-cut-iwa na mtu mwingine," alisema. "So mnasema nini about dada yangu?"

Brandon akasema ni makosa. Jordan akamchapa kofi. Kuanzia hapo siwezi kusema nani alimpiga nani. Viti viliruka, nguzo ya hema ikang'oka, mjomba mmoja akatumbukizwa kwenye sufuria ya mukimo. Kariuki alipigwa gongo la mgongo na mtu aliyekuwa ametoka kumwamkia. Kijana mmoja alinivuta kilemba nikampiga chupa ya chai ya kichwa, na sijutii. Niliona kiatu cha Jordan kikishuka juu ya mkono wa kulia wa Brandon, nikasikia mifupa. Niliwachukia watu wale kwa chuki ambayo sikujua ninayo.

Tulipoachanishwa, nyasi zilikuwa na madoa ya damu na mabaki ya wali. Mjomba mkubwa wa Whitney, ndiye msemaji wao, akatamka kwamba ndoa hakuna, tufungashe tulivyoleta. Whitney alikuwa amesimama mlangoni, vipodozi vimemchuruzika. Alisema ataondoka na Brandon hata bila mila yoyote. Mama yake akamwambia akivuka kizingiti kile asirudi. Kariuki alikaa kwenye kiti kilichovunjika mguu, na kwa mara ya kwanza nikamwona kaka yangu ni mzee.

Hapo pikapu ikaingia. Protais akashuka, uso mzima ni damu iliyokauka, amekumbatia foili kwa mikono miwili.

Kariuki aliinuka akaokota gongo lile lile lililompiga. Alimpiga Protais begani, akampiga mbavuni, akampiga tena shingoni. Nilimjua Protais. Nilijua msimamizi aliishia wapi. Nikasema moyoni, leo kaka yangu anakufa. Lakini Protais hakunyanyua hata mkono. Alijikunja tu juu ya ile foili, akipigwa, mpaka magoti yakagusa nyasi.

"Nipige Mzee, ni haki yako," alisema. "Ila hili usilipige. Halijaguswa na kisu."

Gongo likabaki juu. Mjomba wa Whitney akasogea, akaichukua foili kutoka mikononi mwake, akaifungua. Akalikunja bega pale kwenye kiungo, akalinyoosha, akalikunja tena, akipitisha kidole polepole. Akamuuliza Protais yale majeraha ameyapata wapi. Protais akamweleza habari ya uzi na simu, hakuficha kitu. Yule mzee akasema meza irudishwe.

Brandon alikata kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umevimba. Kisu kilimteleza akajikata kidole, damu yake ikadondoka kwenye sinia. Whitney akalishika bega lisiteleze, na wazee wakajifanya hawaoni. Kiungo kikafunguka kwa sauti. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma, na wanawake wa upande wao, hata niliokuwa nimewapiga, wakaitikia.

Halafu nyama ikaanza kugawiwa, kila kiungo na mwenyewe. Sikio la mbuzi hupewa bibi harusi, ili awe msikivu nyumbani kwake. Mjomba alikuwa ameshalikata, yuko njiani kumpa Whitney, Kariuki akamzuia. Alilichukua lile sikio kwa vidole viwili, akavuka nyasi zile zilizochafuka mpaka pale Protais alipokaa chini akiegemea gurudumu, nikiwa namfunga kichwa.

"Kula," alimwambia. "Labda utasikia."

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu hema lianguke. Protais hakucheka. Alilipokea kwa mikono miwili, mdomo umevimba, akaanza kutafuna polepole. Simu yake ikaita mfukoni. Ikaita mpaka ikakatika, ikaita tena, na Kariuki akabaki amesimama mbele yake akimwangalia anavyomeza.