Zako Tia Maji

Mume wangu alikuwa kinyozi, mimi fundi cherehani, na baraza letu pale Somanda, mjini Bariadi, lilikuwa moja. Kulia kiti chake na kioo, kushoto cherehani yangu, katikati benchi la wateja. Nasema la wateja, lakini wengi waliolikalia hawakuja kunyoa wala kushonesha. Walikuja kubishana juu ya timu ya taifa.

Timu ilikuwa inafungwa. Ilifungwa nyumbani, ilifungwa ugenini, na siku isipofungwa ilitoka sare na nchi ambayo mwalimu wetu wa pale benchini alilazimika kutueleza iko upande gani wa Afrika. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia na mizani zao, mitumba ikaingia kwa marobota, na mimi niliyekuwa nikishona magauni ya Krismasi nikawa mtu wa kupunguza suruali zilizovaliwa Ulaya. Mume wangu akasema ndiyo dunia, mwenzako akinyolewa zako tia maji. Nilimjibu kwamba kinyozi hana haki na methali hiyo, maana wembe anaushika yeye. Alicheka. Wakati ule bado alikuwa anacheka.

Wabishi wakubwa walikuwa wawili. Mwalimu wa shule ya msingi alitaka kocha mzungu, tena apewe muda, miaka mitatu minne, bila kuguswa. Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara alitaka kocha mzalendo, kwa sababu mzungu anatukana kwa lugha yake na wachezaji wanadhani wanasifiwa. Mwalimu akisema mabeki wanalala, fundi anasema wamelala kwa sababu kambini wamefikishwa juzi. Fundi akisema kocha anachagua wachezaji wa Dar es Salaam tu, mwalimu anauliza, basi huku kwetu yuko nani? Hapo wote wawili walinyamaza, na mimi nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili ukimya usisikike.

Maana huku kwetu alikuwepo mtu, na alikuwa amekaa palepale mwisho wa benchi. Alikuwa mdogo wa mume wangu, shemeji yangu. Alizaliwa Zagayu, akacheza mpira kwenye mashamba ya pamba yaliyovunwa, akachukuliwa timu ya wilaya, kisha ya mkoa. Siku hizo Bariadi ilikuwa chini ya Shinyanga, na kuitwa mkoani si jambo dogo. Watu walianza kusema inayofuata ni timu ya taifa. Akaenda Shinyanga na viatu alivyonunuliwa na kaka yake, akarudi kabla ya mashindano, bila viatu, akizungumza na watu ambao sisi hatukuwaona.

Tulimpeleka hospitali. Walimchoma sindano, akalala, akaamka akidondosha mate na shingo imepinda. Mume wangu akasema dawa hizi haziwezi, tukamwondoa. Tukaenda Nkoma kwa nfumu, mganga ambaye watu walimsifu sana, akamchanja kichwani na kumpaka dawa nyeusi. Tukangoja kidogo, hatukuona kitu, tukamwondoa. Tukaenda kwa watu wa maombi, wakamfungisha mpaka akakonda. Tukamwondoa. Halafu jioni namsikia mume wangu benchini akiunga mkono hoja ya mwalimu, kwamba kocha lazima apewe muda. Nilimtazama, nikaendelea kushona. Mtu akishampoteza mdogo wake hivyo, humbishii habari za mpira.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomshikilia mume wangu, na ni mpira huohuo. Siku timu ya taifa inapocheza, alasiri, betri za redio zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi, shemeji alikuwa anarudi. Mtangazaji akianza tu kutaja majina, yeye anatoa visoda mfukoni, vile vizibo vya chupa za soda, anavipanga kwenye benchi kama wachezaji. Mpira ukienda kulia, anavisogeza kulia. Beki akipanda, kisoda kinapanda. Kama alikuwa anapatia au anakosea sijui, wala hakuna aliyejua, kwa sababu uwanja tuliuona masikioni tu. Hata hivyo mwalimu na fundi walikuwa wakimuuliza, naye anawajibu taratibu, sentensi nzima, na anamwita kaka yake kaka. Siku nyingine zote hakumwita chochote.

Kwa hiyo mume wangu aliamini. Aliniambia tukiwa tunafunga duka kwamba siku timu itakaposhinda mechi moja ya maana, huyu mtoto atabaki hapohapo, hatarudi tena alikokuwa. Nilimwambia asiitundike akili ya mtu kwenye miguu ya wale washambuliaji, hawafungi hata penalti. Akakasirika, akanambia nina roho ngumu. Sikuwa na roho ngumu, nilikuwa naogopa kwamba hata mimi nilianza kuamini, na nilijikuta nikisali kimoyomoyo kwa ajili ya kona.

Kuna msemo ambao nchi nzima iliusema wakati huo, kwamba timu yetu ni kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anakuja kujifunzia hapo. Ulisemwa sokoni, ulisemwa kanisani baada ya misa. Kwenye baraza letu haukusemwa. Hakuna aliyetukataza. Watu waliofungwa pamoja miaka yote hiyo wanajua pa kukanyaga, na hata fundi baiskeli, ambaye mdomo wake hauna breki, akiufikia aliumeza.

Aliyeusema alikuwa mgeni, mnunuzi wa pamba kutoka Mwanza. Mtu mzuri tu, alitusalimia mwadila kwa Kisukuma kizuri, akanunua kitambaa kwangu, akaomba kukaa asikilize mechi maana alisikia hapa pana redio. Shemeji alikuwa kwenye kiti. Mume wangu alipenda kumnyoa siku za mechi, kwa kuwa siku hizo anatulia. Anamlowesha kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kwa muda mrefu, kwa sababu ya zile chale za Nkoma, kisha ndipo anaweka wembe. Upande mmoja ulikuwa umeshaisha. Visoda vilikuwa vimepangwa kwenye meza ya kioo.

Tukafungwa bao la mapema, kisha la pili. Mwalimu akasema kocha abadilishe mfumo. Fundi akasema abadilishwe kocha. Yule mgeni akatikisa kichwa, akacheka kwa huzuni.

"Mnahangaika bure, wazee," akasema. "Sisi ni kichwa cha mwendawazimu. Kila kinyozi anajifunzia kwetu."

Mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio. Mwalimu alitazama chini. Mgeni aliona ukimya, akatuangalia mmoja mmoja, mpaka akafika kwenye kiti, na nikaona uso wake unavyobadilika. Shemeji alisogeza kisoda kimoja, kama beki anarudi nyuma. Halafu akalivua shuka shingoni, akalikunja vizuri, akamgeukia mume wangu.

"Kaka, kumbe na wewe unajifunza?"

Shemeji akatoka na kichwa chake nusu. Redio ikaendelea, tukafungwa la tatu.

Tangu siku hiyo hakukubali kuguswa kichwa. Nywele ziliota upande mmoja, kisha pande zote mbili, zikashikana. Mechi zilichezwa, tukamwita, akapita barabarani bila kugeuka. Mume wangu aliviacha visoda pale kwenye meza kama vilivyokuwa, na mteja akivigusa anamwondolea mkono. Mimi nilikasirika na kila mtu: yule mgeni, mtangazaji, wakubwa wa mpira, Mungu. Hasira haikunisaidia kitu. Nilirudi kupunguza suruali.

Kisha ikatangazwa kwamba kocha amefukuzwa na mwingine anakuja. Benchi likajaa. Mwalimu akasema safari hii apewe muda. Fundi akasema huyu mpya naye ni walewale. Mume wangu akaongeza sauti ya redio na kutazama barabarani, nikajua bado anangoja.

Shemeji alikuja. Alitokea upande wa bomba, maji yanamchuruzika kutoka kwenye nywele hadi mabegani, shati lote limelowa. Akapita katikati yetu, akakaa kwenye kiti.

"Nimeshatia maji," akasema. "Anayetaka kujifunza aje."

Hakuna aliyesogea. Ilibidi mume wangu achukue wembe, na alimkata nyuma ya sikio, yeye ambaye sijawahi kumwona akimkata hata mtoto anayelia. Shemeji hakushtuka. Alivitazama visoda vilivyokuwa mbele yake kama mtu anavyotazama vizibo vya soda. Kwenye redio walikuwa wanasoma historia ya kocha mpya.

Mume wangu alipomaliza, alimfuta damu, akamfuta maji shingoni, akamvua shuka. Shemeji alijiangalia kwenye kioo, akapapasa kichwa, akashukuru kwa adabu, kama mteja mgeni. Akauliza ni bei gani.

"Wewe hulipi hapa," mume wangu akamwambia.

Akauliza kwa nini.